Brashi ya Mlangoni mwa Sakristia

Naungama kwenu, maana kwa Padre nilishindwa. Nilimpenda Koku, na siku anaolewa kanisani Kashozi, mimi ndiye niliyekuwa dereva wake. Landrova ya kijiji chetu cha ujamaa ilifika imejaa matope mekundu. Misa ikiendelea, nikaosha magurudumu ili akitoka ayaone yanang'aa. Brashi yangu haikufika nyuma ya rimu, nikaazima moja ya mpini mrefu mlangoni mwa sakristia, chumba anamovalia Padre. Ikafika kila pembe! Nikajiona fundi. Nikaisuuza harakaharaka, nikairudisha.

Maharusi walipotoka, Padre akaichovya brashi ileile kwenye maji ya baraka, akawanyunyizia. Gauni jeupe likaota madoa mekundu. Watu wakaguna.

Koku akatazama gauni, akatazama magurudumu, akanitazama mimi.

"Yamependeza, Rwega," alisema.