Siku nne nilimtafuta mbuzi-mawe nikiwa nimemgeuzia mgongo

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimesimama chini ya saa ya ukutani ya ofisi yetu ya upimaji ardhi, kofia mkononi, nikingoja hukumu.

Wakuu wa daftari, salamu kwenu wote.

Daftari letu la kupokezana limenifikia tangu juzi, na kanuni yetu ni moja: mwenye zamu anaandika jambo lililompata yeye mwenyewe, si la kusimuliwa. Haya yalinipata mimi, mwanzo wa kiangazi mwaka jana. Anayetaka kuhakikisha amuulize Kazadi, mshika mnyororo wa kupimia, anakaa pale karibu na soko la cité, mtaa wetu wa mjini. Ila msimpe kinywaji kwanza, maana ataongeza chumvi.

Wengi mnajua kazi yangu. Nakaa mezani, naweka karatasi ya kalki juu ya ramani, nanakili kwa wino. Kabla ya hapo nilibeba mnyororo miaka saba porini. Kuchora nimejifunza mwenyewe, kwa taa, kwa vitabu vya watoto wa shule. Meza ile ni jasho langu.

Sasa, ofisini alikuja mgeni, Bwana mmoja wa elimu ya wanyama. Alitaka ramani ya korongo moja chini ya mlima Kundelungu, upande wa Lufira, na orodha ya wanyama wa pale. Niliponakili orodha yake niliona mbuzi-mawe, yule swala mdogo wa miambani, amefutwa kwa mstari mwekundu. Pembeni ameandika: hayupo.

Mimi nilimwona pale zamani, tulipopitisha mnyororo. Mara moja tu, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Lakini nilimwona.

Nikamrudisha kwenye orodha. Kwa wino.

(Anaclet, msahihishaji wetu, najua umeshachukua penseli. Ndiyo, lilikuwa kosa. Ningeuliza kwanza.)

Chef wa ofisi hakupiga kelele. Alisema, "Bon. Wewe unajua kupita Bwana wa elimu. Utaenda kule Jumatatu. Yeye atafika Jumapili inayofuata. Utamwonyesha huyo mnyama."

Kisha akaandika karatasi, akanipa niisome. Lori, mafuta, kivuko cha Lufira, posho ya watu wawili. Mnyama akionekana, gharama ni za ofisi. Asipoonekana, zinakatwa kwenye mshahara wangu hadi ziishe, na mimi narudi kwenye mnyororo.

Nilitia sahihi. Nikarudi nyumbani moja kwa moja.

Mke wangu Alphonsine alisikiliza yote, halafu akauliza neno moja tu. "Ile korongo iko karibu na kwetu?"

Nikasema ndiyo, ni mwendo wa saa moja kutoka kijijini kwao.

Akaacha kusonga bukari. "Mama anapitaka mu ile njia kila asubui, anaenda kuchimba chikanda kule juu. Ukisikia anakuya, geuka. Usiniletee haya kwetu."

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wakuu waliozaliwa cité. Chikanda ni viazi vidogo vya porini, akina mama wanavisaga na karanga, mnavila sokoni bila kuuliza vimetoka wapi. Na kuhusu mama mkwe: kwa watu wa mke wangu, mwanamume haangaliani naye uso kwa uso mpaka aingizwe. Kuingizwa ni siku ambayo familia ya mke inapika, inakuita, unatoa zawadi zako, ndipo unaruhusiwa kumwona na kusema naye. Kabla ya hapo, mkikutana njiani, wewe unatoka njiani na kugeuza uso.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa na sikuwa nimeingizwa. Likizo haitoshi, nauli haitoshi, kila mwaka ni mwakani. Mama yake Alphonsine nilimjua kwa kishindo cha miguu yake tu.

Basi tukaenda, mimi na Kazadi. Jumatatu mchana tukapiga hema kando ya kijito, mdomoni mwa korongo. Dereva akarudi na lori.

Korongo lile, wakuu, ni ufa. Kuta mbili za mwamba mwekundu, zimepasuka na kubomoka, mawe makubwa kama nyumba yamelala moja juu ya lingine. Njia moja tu inapanda katikati kuelekea uwanda wa juu. Jiwe lolote linaweza kuwa mnyama, na mnyama yule ana rangi ya jiwe.

Nilifanya kazi kwa utaratibu. Usiku wa kwanza nilichora jedwali: saa, upepo, kilichoonekana, kilichosikika. Alfajiri nilipanda peke yangu, Kazadi akabaki na hema na chungu. Nilivaa kaki, nikajipaka vumbi, nikalala kati ya mawe na darubini ya ofisi, bila kukohoa, bila kuwasha sigara. Niliwahi kusoma kwamba mwindaji mzuri ni yule asiyeonekana.

Kilichoonekana Jumanne: sifuri.

Jumatano: sifuri.

Alama zilikuwepo. Nilikuta kinyesi kidogo kidogo kilichorundikwa mahali pamoja. Nilikuta vijiti vyenye tone jeusi kwenye ncha, linanata kama lami. Mnyama huyu anapaka kwa tezi iliyo chini ya jicho lake. Nikamwonyesha Kazadi kwa furaha alipokuja mchana.

Aliinama, akatazama, akasimama. "Sasa Bwana akikuya Jumapili tutamuonyesha mavi?"

"Ni ushahidi," nikamwambia.

"Tata Donatien, ata mbuzi ya baba yangu kule Kasai iko na ushahidi ya bile. Uliona ule nyama na macho, ao na kitabu?"

Alhamisi hakutania tena. Alikoroga bukari, kisha akasema polepole, "Miye niko mushika munyororo, sina fasi ya kuanguka. Mais weye uko na fasi ya kuanguka, tata. Tutafute muzuri."

Maneno yale yaliniuma kuliko utani.

Sasa kuhusu mama mkwe. Kila asubuhi, kama Alphonsine alivyosema, nilisikia miguu na jembe dogo likigonga kikapuni, kutoka chini. Kila asubuhi nilifanya ipasavyo. Nilishusha darubini, nikageuka, nikaweka paji la uso kwenye mwamba, nikafumba macho hadi miguu ipite na kupotelea juu. Alirudi alasiri kwa njia ya mzunguko, nje ya korongo, kwa hiyo ilikuwa mara moja kwa siku. Dakika kumi hivi. Nikashukuru kwamba ananipotezea muda mdogo.

Ijumaa miguu haikupita.

Ilisimama. Nilikuwa na uso mwambani, macho nimefumba. Nikasikia kikapu kinawekwa chini. Kisha sauti ya mwanamke mzee, kavu, ya mtu asiye na haraka.

Hakusema na mimi. Angewezaje? Alisema na kikapu chake.

"Weye kitunga, sikia. Kuko muntu moja analala mu majiwe kama chui. Siku ine. Kijiji nzima banajua, ule Mukasai alituambia. Anatafuta chibushimabwe, mbuzi ya majiwe. Na mbuzi ya majiwe iko inamutazama tu yeye."

Kikapu hakikujibu.

"Ambia ule muntu: hii nyama hautaiona mbele yake. Yeye njo anakuonaka kwanza. Akikuona unatembea wazi, hakimbie mbali. Anapanda juu ya jiwe na bibi yake, banapiga filimbi, banakuambia 'tunakuona, tunakuona'. Miye bananipigiaka kila asubui, ata sasa. Mais muntu akijificha, nani atamuambia kitu?"

Akajitwika. Miguu ikaondoka. Na kutoka mbali kidogo: "Kitunga, hauna masikio. Pengine iko sawa na ule bwana ya binti yangu."

Nilibaki pale hadi kimya kirudi. Kisha nikafungua daftari langu na kusoma safu ya mwisho, ile ya kilichosikika. Nanakili kama ilivyo.

Jumanne, saa moja na dakika arobaini: ndege, filimbi mbili, moja baada ya nyingine.

Jumatano, saa moja na dakika thelathini na tano: ndege yule yule.

Alhamisi, saa moja na dakika hamsini: ndege yule yule, mwamba wa kushoto.

Na Ijumaa, dakika chache kabla kikapu hakijawekwa chini, nilikuwa nimesikia tena, nikapanga kuandika.

Ndege! Siku nne niliwasikia, siku tatu nikawaandika kwa saa na dakika, na kila mara uso wangu ulikuwa ukutani. Walikuwa wamesimama juu ya kichwa changu, wanamsalimu mama mkwe wangu, na mimi nimewapa mgongo kwa heshima.

Kazadi alipopata habari alikaa chini. "Kitunga iko na akili kupita muntu ya bureau," akasema, akacheka hadi akalia.

Jumamosi nilivaa shati langu jeupe la misa. Nilipanda katikati ya njia kama mtu anayekwenda kulipa kodi, nakohoa, napiga mawe kwa fimbo. Kabla sijafika kona ya pili, filimbi ikalia kushoto. Kali, fupi. Ya pili ikaijibu palepale.

Nikainua macho.

Wawili, juu ya jiwe lililochongoka. Dume ana pembe mbili fupi zilizonyooka kama misumari, jike hana. Wamesimama kwenye ncha za kwato, miguu minne imekusanyika mahali ambapo mimi nisingeweka hata kikombe. Walinitazama. Walinipigia filimbi tena. Hawakukimbia.

Nilikaa chini njiani. Nilijaza safu ya tatu, ile ya kilichoonekana, mwandiko ukawa mbaya.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi Bwana mgeni akafika na gari lake. Nilimweleza yote: kwamba tutembee wazi, tukohoe. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa akamate samaki kwa ngoma. Akaonyesha mawe kwa kidole. "Lala hapa. Kimya."

Nikajaribu tena. "Monsieur, nyama hii..."

"Kimya, nimesema."

Tukalala. Saa moja ikafika, saa moja na nusu, saa mbili. Sikuwa na tumaini la mama mkwe, kwa sababu Jumapili kijiji kile hakichimbi, kinakwenda kwa katekista kusali. Saa mbili na robo Bwana akafunga kifuniko cha darubini yake. Sauti ile ndogo, tak. Nikajiona na mnyororo begani.

Nilikuwa nimeshaweka kiganja chini ili niinuke, nimpinge na liwalo liwe, ndipo nikasikia kikohozi kutoka chini ya korongo. Kikohozi kikubwa, cha makusudi. Halafu wimbo wa kanisani. Halafu miguu ninayoijua.

Bwana akakasirika. "Nani huyo? Mfukuze, atatisha wanyama!"

Mimi nilikuwa nimeshageuka. Paji la uso kwenye mwamba, macho nimefumba.

Filimbi ikalia. Ya pili ikajibu.

"Monsieur," nikasema nikiwa bado nimeegemea jiwe, "tazama juu, kushoto. Wako wawili. Dume ndiye mwenye pembe."

Nikasikia kifuniko cha darubini kinafunguliwa tena. Nikasikia anavuta pumzi.

"Nom de Dieu," akasema taratibu. Kisha, baada ya muda, "Na wewe, kwa nini hutazami?"

"Siwezi, Monsieur. Mama mkwe wangu anapita."

Kazadi, aliyekuwa nyuma yetu na hakufungwa na kanuni yoyote, ndiye aliyeniambia baadaye. Mama alikuwa na kitambaa chekundu na viatu vya misa. Kikapu alikibeba, lakini kilikuwa kitupu, hata jembe halimo.

Bwana mgeni aliandika jina la mnyama upya kwa mkono wake mwenyewe. Chef hakuomba radhi, nami sikutegemea. Alichukua ile karatasi ya gharama, akaichana mara mbili, akasema, "Meza yako ina vumbi." Nikaenda nikaifuta, nikaketi. Wakuu, sijawahi kukaa kwenye kiti kitamu namna ile.

Mwezi wa nane niliomba siku nane za likizo nikaenda kuingizwa. Walipika kuku na bukari, na chikanda pia. Nilipoinua macho nikaona mwanamke mfupi, ana mwanya kwenye meno ya mbele, anajizuia asicheke. Neno lake la kwanza kwangu moja kwa moja lilikuwa, "Sasa kitunga yangu itapumuzika."

Funzo nililolipata nalisema kwa kipimo changu. Nilikuwa na jedwali zuri na ndani yake mlikuwa na jibu, saa na dakika, mara tatu. Nililiita ndege kwa sababu sikuuliza mtu anayepita pale kila siku, na sikumuuliza kwa sababu kwa miaka kumi na moja niliahirisha kuingizwa. Mwenye kuahirisha kama mimi, aende.

Chini nimeacha kurasa mbili tupu. Anayejua mnyama mwingine anayejitangaza hivi aandike. Anayeona nilimkosea mama kwa kuchelewa aandike pia, nitasoma bila hasira. Anaclet, penseli iwe na ncha.

Na kwa wanaopenda hesabu: pesa ambazo hazikukatwa kwenye mshahara wangu, faranga 2,180. Zilizobaki kati ya hizo baada ya zawadi na nauli ya kuingizwa, faranga 65.