Nywele za Pacha

Kazini walimwita Kilemba, naye hakuona ubaya, maana hakuna aliyewahi kumwona bila kitambaa kichwani. Alikuwa mkandaji wa unga katika kiwanda cha mikate. Kazi hiyo aliichagua kwa makusudi tangu usichana wake. Mle ndani kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alitakiwa kuvaa kofia ya wavu. Wenye nywele ndefu walizifunika na wenye fupi nao vilevile, na kwa zamu nzima hapakuwa na tofauti kati yake na wenzake.

Chini ya kitambaa palikuwa na kovu. Lilianzia juu ya paji, likapita utosini na kuteremka hadi kisogoni, ngozi imekunjamana na kung'aa, haioti hata unywele mmoja. Upande wa kulia tu, juu ya sikio, ndiko kulikosalia nywele chache za kujaa kiganja.

Aliungua angali mtoto wa miaka minne, siku jiko la mafuta lilipolipuka. Jikoni walikuwa wawili, yeye na pacha wake, ambaye nyumbani walimwita Mdogo kwa kuwa alizaliwa nyuma yake. Mama yao alikuwa uani akianua nguo. Aliingia mbio, moshi umetanda, pazia linawaka, akamnyakua aliyekuwa karibu na mlango na kutoka naye, kisha akarudi kumfuata wa pili. Wa pili alikuwa Kilemba.

Alipokuwa mtu mzima alimuuliza mama yake, "Kwa nini yeye kwanza?"

"Mlikuwa mnalia wote, mwanangu," mama akajibu. "Tena kwa sauti moja. Sikujua nani ni nani."

Lilikuwa jibu la haki. Kilemba hakuuliza tena, na wala hakusamehe. Mama akaenda kaburini na jibu lake.

Kuwa na kovu ni jambo moja. Kuwa na kovu huku kuna mtu anatembea na sura yako isiyo na kovu ni jambo jingine kabisa. Kilemba hakuhitaji kujiuliza angekuwaje lau si moto. Alimwona Mdogo akikua, akisukwa, akisifiwa, akipita barabarani shingo zikigeuka. Ndiyo hiyo sura yake.

Halafu akatokea mpiga picha. Alikuwa na studio ndogo karibu na kiwanda, na Kilemba alikwenda kwake kupiga picha ya kitambulisho cha kazi. Kijana alimsifia macho. Wakaanza kutembeleana, mwaka ukapita, maneno ya ndoa yakaanza kusemwa. Kilemba akaona si haki mtu kununua mbuzi kwenye gunia. Jioni moja akapiga moyo konde, akafungua kitambaa mbele yake.

"Si kitu," mpiga picha alisema. "Mimi nimekupenda wewe."

Alisema hivyo, akanywa chai yake, akaaga. Baada ya hapo akaanza kubanwa na kazi. Kazi ikambana wiki, ikambana mwezi, mwishowe akaacha hata kutoa sababu. Aliporudi nyumbani kwa akina Kilemba alikuja na wazee wake, amevaa suti, kuposa. Alimposa Mdogo. Sura aliyoipenda alikuwa ameipata mahali pengine, ikiwa na nywele.

Mdogo alimfuata dada yake chumbani. "Dada, ukisema nisikubali, sitakubali."

"Olewa," Kilemba alisema. "Mimi inanihusu nini?"

Akaolewa. Kilemba alihudumia wageni siku ile, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Tangu hapo ndugu hao walikuwa watu wa salamu nzuri na maneno machache.

Miaka ikaenda. Pengine mambo yangekufa na kuzikwa hivyohivyo, kama si mashine ya kukandia. Asubuhi moja kofia yake ya wavu ilikuwa imechanika, akaivaa kwa kuona haina neno. Ncha ya kitambaa ikachomoza, mashine ikainasa, kitambaa chote kikavutwa na kuzamishwa kwenye unga. Msimamizi wa zamu aliwahi kuzima. Kichwa kilinusurika, ila kilikuwa wazi, chini ya taa nyeupe, mbele ya zamu nzima.

Angecheka mtu ingekuwa nafuu. Walinyamaza kimya. Mpakiaji mmoja, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na breki, alimsogelea. Alivua aproni yake akamfunika mwenzake kichwa, taratibu, kama anayefunika maiti. Huruma ile ilimchoma Kilemba kuliko moto wenyewe.

Kiwanda kiliogopa kesi. Mkurugenzi akamwita ofisini na kumwambia kwamba matibabu yoyote ya kichwa, hata ya kupandikiza nywele, yatagharimiwa. Alizungumza macho yakiwa kwenye kalenda ya ukutani. Hakutaka kumwangalia.

Hivyo ndivyo Kilemba alivyojikuta mbele ya daktari wa nywele. Daktari mwenyewe alikuwa na upara unaowaka kama sinia. Kinyozi hajinyoi, Kilemba akasema moyoni, akafungua kitambaa.

Daktari alilibonyeza kovu hapa na pale. "Nywele hazitoki hewani, dada," alisema. "Tunazitoa mahali pamoja na mizizi yake, tunazipanda pengine. Shamba letu la mbegu huwa kisogo. Wewe shamba lenyewe ndilo lililoungua."

"Na za mtu mwingine?"

"Mwili unazikataa." Alianza kuvua glavu. "Labda ungekuwa na pacha," akaongeza kwa mzaha.

"Ninaye."

Daktari akabaki na glavu moja mkononi. "Mnafanana?"

"Kabla ya moto, hata mama alikuwa akitukosea."

Akavuta kiti, akakaa. Alimweleza kwamba jambo hilo ni la nadra ila linawezekana, vipimo vikithibitisha kuwa ni pacha wa yai moja. Ngozi ya kovu ni ngumu, si nywele zote zitashika. Lakini za mbele na za utosini, akijaliwa, atapata za kutia kitana.

Za kutia kitana. Maneno hayo Kilemba alitembea nayo siku nyingi. Aliyakanda pamoja na unga, akalala nayo, akaamka nayo. Alizitaka nywele zile kwa uchu ambao hakujua kama bado anao. Ila ili azipate ilimbidi aombe, na aliyetakiwa kuombwa alikuwa mtu yuleyule.

Mwishowe alikwenda. Mdogo alimkaribisha sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma na ukuta uliojaa picha zake mwenyewe, zote zimepigwa na mumewe. Chumba cha pili redio ilikuwa ikinguruma. Kilemba alieleza kwa kifupi kama anayesoma tangazo.

"Chukua," Mdogo alisema kabla hajamaliza. "Dada, chukua hata zote." Akamkumbatia. Kilemba alikumbatiwa mikono ikining'inia. "Hujawahi kuniomba kitu maisha yako yote!"

"Na wewe kuna kitu hukuniomba," Kilemba alisema. "Ulichukua tu."

Mdogo akamwachia, akakaa. Redio chumba cha pili ikapunguzwa sauti.

"Nilikuuliza. Ukaniambia niolewe."

"Ulitaka nikupigie magoti?"

"Nilitaka useme hapana!"

"Na mimi nilitaka usiulize."

Mdogo alijifuta macho kwa upande wa khanga. "Basi hizi nywele ziwe za hilo," alisema. "Nikupe, tufute, yaishe. Nimechoka, Dada. Kila harusi, kila msiba, unaniangalia kama nimevaa nguo yako."

Kilemba aliinuka kuaga, na shemeji yake akatoka chumbani kumsindikiza, muungwana kama kawaida yake. Nje, karibu na geti, akakohoa kidogo.

"Shemeji, huyu atanyolewa kisogo?"

"Zitaota."

"Zote?"

"Zitakazong'olewa haziwezi kurudi. Patabaki vikovu vidogo, lakini nyingine zitafunika."

"Yeye hupenda kuzifunga juu," shemeji alisema kwa upole, kama mtu anayezungumzia ukuta uliotiwa doa. "Mimi sikatazi. Nasema mfikirie tu. Kitu kikishaharibika, kimeharibika." Kisha akakumbuka anazungumza na nani, akainamisha uso.

Kilemba aligeuka akamwona Mdogo amesimama kibarazani, ameshika nguzo. Alikuwa amesikia kila neno. Uso wake ulikuwa umepauka, na Kilemba aliutambua uso huo. Ulikuwa wake yeye, wa siku zile za kungoja hodi isiyopigwa. Miaka yote alitamani Mdogo ayaonje maumivu hayo, hata kwa ncha ya ulimi. Sasa ameyaonja, na yeye Kilemba hakupata utamu wowote.

Vipimo vilifanywa, vikaonyesha kile walichokijua tangu tumboni. Siku chache baadaye Mdogo alifika chumbani kwa Kilemba bila taarifa.

"Nimeshakubaliana na daktari siku," alisema. "Tunafanya. Anayechukia na achukie."

"Unanipa nywele mimi, au unampima mumeo?"

"Vyote viwili. Kwani kuna ubaya?"

"Mimi si mizani, Mdogo."

Mdogo alikaa ukingoni mwa kitanda, akamtazama dada yake akikunja nguo. "Nijibu jambo moja. Ningeungua mimi, wewe ungenipa?"

Kilemba alimaliza kukunja, akaweka juu ya nyingine, akalainisha kwa kiganja. "Nisingekupa," alisema.

Mdogo alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Angalau leo umesema kweli. Mimi nitakuwepo hospitali. Usipokuja, shauri yako."

Siku ilipofika Kilemba alikwenda. Alifungasha gauni la kulalia, kandambili na sabuni, akaoga, akafika hospitali mapema. Muuguzi alimwelekeza chumba, mwisho wa korido. Mlango ulikuwa wazi nusu.

Mdogo alikuwa ndani, amekaa kwenye kiti, mgongo umeelekea mlangoni. Mumewe hakuwepo. Kisogo kilikuwa kimeshanyolewa, kikavu, kimebaki na alama za wembe. Kilemba alisimama akikitazama. Kwa mara ya kwanza aliona jinsi kisogo chake mwenyewe kingekuwa, kikiwa kizima, na kishimo kidogo pale shingo inapoanzia. Kilikuwa kizuri.

Hatua mbili tu zingemwingiza. Lakini alijua kitakachofuata. Mdogo angegeuka na kutabasamu, na tabasamu lile lisingekwisha. Kila akichana nywele ingekuwa kama anasema ahsante. Watu wangemsifu Mdogo kwa moyo wake, na mambo yote ya nyuma yangefutwa, na ambaye angefutiwa si yeye aliyeumia. Kwa umri wote huo hakuwa na kitu cha kwake peke yake isipokuwa ule uchungu. Akaona kwamba wanataka kumpokonya na huo, wamwachie nywele.

Akageuka. Alipita mapokezi, akaenda moja kwa moja kiwandani, akavaa kofia, akasimama kwenye mashine yake. Msimamizi alishangaa.

Zamu ilipoisha alimkuta Mdogo getini, kisogo wazi, wafanyakazi wakimpita na kumkodolea macho.

"Umeniacha kwenye kiti," Mdogo alisema.

"Nimekuacha."

"Nimengoja mpaka daktari ameondoka. Muuguzi anasema ulifika. Ulifika, Dada!"

"Nilifika."

Mdogo alitikisa kichwa polepole. "Haya. Sasa tumelingana?"

Kilemba alitamani sana kusema ndiyo. "Bado," alisema. "Zako zitaota."

Mdogo alitoa kitambaa kwenye mkoba, akajifunga pale pale, kwa mikono isiyozoea. Fundo likawa limelegea, ncha moja ndefu kuliko nyingine. Kilemba alijua lilivyopaswa kufungwa, angeweza kulifunga hata akiwa usingizini. Alisimama, akamwacha aende hivyohivyo.

Nywele za Mdogo ziliota. Inasemekana miezi ile mpiga picha alikuwa na safari nyingi za kikazi, na kwamba zilipofika mabegani safari zikapungua. Mdogo bado yuko naye. Ndugu hao hukutana misibani na harusini, hujuliana hali, huulizana habari za presha na za watoto. Nusu saa ikipita, kila mmoja hutafuta sababu ya kuhamia kiti kingine.

Hospitali ilipiga simu mara kadhaa, Kilemba hakupokea, nayo ikaacha.

Mtu pekee aliyewahi kumweleza habari yote ni yule mpakiaji mnene, walipokuwa wakila mkate uliovunjika nyuma ya ghala, kwenye makreti yaliyopinduliwa. Alimweleza kuanzia jiko hadi korido.

"Nilizitaka nywele," Kilemba alimalizia. "Ila kumsamehe sikutaka."

Mpakiaji alitafuna, akameza, akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Wee mwanamke," alisema. "Ungezichukua nywele, halafu usimsamehe. Nani angekushika?"

Wazo hilo halikuwahi kumpitia Kilemba kichwani, hata mara moja. Alibaki na kipande cha mkate mkononi, mpaka kengele ya zamu ilipolia na mwenzake akainuka kurudi kazini.