Ghuba ya Kondoo

Mwaka wa mwisho wa shule yangu ya jioni hapa Toronto, mwalimu wa jiografia alinipa kisiwa. Kiko kaskazini mwa Uskoti, hakikaliwi na mtu, na ni kidogo kiasi kwamba mbuzi akipiga chafya mashariki, kondoo wa magharibi anamwitikia "Afya!" Nilitakiwa kukieleza darasani kwa dakika kumi, nikishindwa, cheti hakuna.

Nilisoma wiki nzima, nikaambulia mawe na ndege. Nikamlalamikia mke wangu, aliyekuwa akipasi sare yake ya kazi ya uwanja wa ndege.

"Mama watoto, Waviking, wale mabaharia wa kale wa Ulaya kaskazini, walikaa pale wasiache hata sufuria! Wameacha majina tu: Ghuba ya Kondoo, Mwamba wa Nanga..."

"Sasa unalia nini? Mtu hapaiti mahali Ghuba ya Kondoo kama hana kondoo."

Basi nikaenda darasani na majina. Palipotiwa nanga, palipolishwa mifugo, nikawarudisha Waviking wote kisiwani, na wengine mia wa kwangu mwenyewe. Dakika kumi zikawa arobaini. Mwalimu akanisihi nikae chini.

Cheti kinaning'inia sebuleni. Ukuta ule mke wangu aliubatiza Ghuba ya Kondoo, na mgeni akiuliza kondoo yuko wapi, yeye ananinyooshea kidole mimi.