Mtamba wa Mahari

Mahari ya mwanangu ilitembea kwa miguu yake yenyewe, jambo ambalo mjini Gisenyi halionekani tena mara nyingi. Siku hizi washenga husifu kwa maneno marefu ng'ombe ambaye hakuna aliyemwona, kisha bahasha ya fedha hupita mkono hadi mkono. Mama yangu alisema bahasha hainyonyeshi ndama.

Tulikuwa na ng'ombe wawili tu wa pembe ndefu huko Kanzenze: mmoja mzee aliyekoma kuzaa, na bintiye, mtamba mwekundu. Ndio waliosalia katika kundi ambalo baba aliliswaga kutoka Karagwe tuliporudi nchini baada ya miaka ya ukimbizi. Asili yao ni inyambo, ng'ombe waliopitishwa mbele ya wafalme wa Wanyarwanda wakiwa wamevishwa shanga. Ufalme ulipokwisha, makundi yakatawanyika; vita, ukame, na baadaye uroho wetu wa ndoo kubwa za maziwa vikayapunguza, hata watoto wa mjini wakawajua kwa picha za kalenda. Leo wafugaji wanawazalisha tena kwa makusudi, na kila mtamba asiyechanganywa ana thamani yake.

Ninafundisha lishe chuoni, hivyo sikuwatetea kwa pembe peke yake. Maziwa yao ni machache, lakini ni mazito, na samli yake hunukia nyumba nzima. Nyama yao, kwa kuwa hutembea sana na kula majani, haina mafuta mengi. Nikapendekeza tupeleke ng'ombe wa kisasa, yule wa madoa meusi na meupe, mtamba abaki. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Huwezi kumwomba mtu binti yake," akasema, "ukampelekea ng'ombe usiyemlilia."

Nilichokiogopa ni kimoja. Baba wa bibi harusi alirudi kutoka Kongo na anauza vitenge Mbugangari. Malisho yake ni kipande kidogo tu cha shamba. Akimpa mchinjaji mtamba wetu, au akimpandikiza mbegu ya ng'ombe wa kisasa, ukoo ule umekwisha. Siku ya sherehe alimzunguka mtamba, mikono nyuma, akatabasamu.

"Bon, iko muzuri. Lakini pembe inashinda maziwa."

Wageni wakacheka. Mama akamjibu kwa upole, "Pembe umeziona bure, mkwe wangu. Maziwa utayangoja."

Tangu hapo hatukusikia neno. Kwetu aliyetoa ng'ombe haulizi habari zake, hata kwa mkamwana; kuuliza ni kama kudai arudishwe. Mwaka ukapita na miezi juu yake, nami nikawa nalala na swali lile. Mwishowe nikaenda dukani kwa mkwe kama mnunuzi wa kawaida.

Nilimkuta akibishana na mwanamke mmoja aliyedai kwamba kitenge kitachuja kikifuliwa. Mkwe alikuwa amenipa mgongo. Akainua kiganja.

"Naapa kwa ule mama mwenye alitupatia ng'ombe, hii haitachuja."

Nilisimama mlangoni. Mnyarwanda humwapia aliyempa ng'ombe kama wengine wanavyoapia kaburi la mzazi, na hakuna anayethubutu kumwapia mtu ambaye zawadi yake ameichinja. Mkwe akageuka, akaniona, wala hakutahayari.

"Binti yake ni ule pale," akamwambia mnunuzi. "Muulize kama ng'ombe iko."

Mwanamke akanitazama. Nilikuwa nimekuja kuuliza swali hilo hilo.

"Yupo," nikasema.

"Na mutoto iko," mkwe akaongeza, "tena ya kike. Baba yake tulimutafuta mpaka Gishwati, wa pembe ndefu. We unazani nilisahau ile maneno ya mama?"

Alikuwa akingoja ndama apate nguvu ndipo waje kutuarifu rasmi, na samli mkononi, kama inavyopasa.

Nilipomsimulia mama jioni ile, hakuuliza ndama ni wa rangi gani. Aliniomba nirudie kile kiapo, polepole, kwa Kiswahili kile kile cha mkwe.