Nilitia mafuta ya nazi kwenye breki za pikapu ya jeshi, aliyechukuliwa ni fundi wangu

Wakuu wa jukwaa la magari, nawasalimu nyote. Kama yumo humu aliyenizidi umri, shikamoo yake, ingawa naona wengi wenu ni wa kuniamkia mimi.

Nimesoma uzi wa yule bwana anayefanya restoration ya pikapu ya jeshi kwa spea za kuagiza mtandaoni. Hongera yake. Umenichokonoa jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Chumvi hamna humu. Ningetaka kutia chumvi ningejipendelea, na mtaona wenyewe kama nimejipendelea.

Ni Unguja, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nina miaka ishirini na sita, fundi kamili, niko kwenye gereji moja Mlandege. Mwenye gereji tukimwita Fundi Seif. Mwarabu wa hapa hapa. Baba yake alikuwa na shamba la mikarafuu kabla ya Mapinduzi. Shamba likaenda, ndugu zake wakaondoka, yeye akabaki na spana zake.

Mimi ni mjukuu wa mtu wa Bara. Ndani ya gereji hilo halikuwa na maana yoyote. Nje ya gereji lilikuwa na maana sana.

Kamati moja ya kilimo ikatuletea kazi. Pikapu mbili kuukuu za jeshi, zimetelekezwa uwanjani miaka na miaka, majani yameotea mpaka ndani ya boneti. Walitaka itoke japo moja, ikabebe wachumaji Kizimbani msimu wa karafuu ukianza.

Nyinyi mnaolalamika spea zinachelewa wiki mbili, hebu sikilizeni. Sisi spea hazikuwepo kabisa.

Injini tulichukua ya hii, giaboksi ya ile. Gasketi tulikata wenyewe kwa karatasi nzito. Viti tulijaza usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Bodi la nyuma lilikuwa limeliwa na kutu, tukamwita seremala wa masanduku akatupigia la mbao, zuri kuliko la kiwandani. Rangi ilikuwa ya mashua, buluu, maana ndiyo iliyopatikana. Breki ya mkono hatukuipata popote, tukaiacha.

Miezi minne. Siku ilipounguruma, Fundi Seif alikaa chini sakafuni akacheka peke yake.

Bwana wa kamati akaja kuiona. Akaizunguka, kisha akamtazama Fundi, mimi hakunitazama.

"Gari la watu hili. Likifanya jambo, pa kuja n'shapajua."

Wakati ule kulikuwa na neno moja, hujuma. Mtu akishatajwa kwa neno hilo anachukuliwa, na watu wake hawajui hata chakula wakipeleke wapi. Kwa mtu kama Fundi Seif halikuhitaji ushahidi mwingi. Kwa hiyo kila nati ya gari ile aliikaza mara mbili, kisha akanipa na mimi niikaze.

Sasa kosa langu.

Ijumaa ndiyo siku ya kukabidhi. Fundi kaenda msikitini, mimi nimebaki namalizia kutoa upepo kwenye breki. Mafuta ya breki tulikuwa na kopo moja tu, tulilolipata kwa kubembeleza. Nikaligonga kwa kiwiko. Likamwagika zaidi ya nusu.

Fundi alikuwa na sharti moja kwenye gereji ile: breki haziguswi kwa siri. Ukifanya lolote kwenye breki, unamwambia. Nami niliona haya kumwambia.

Pembeni palikuwa na chupa ya mafuta ya nazi tuliyokuwa tukitolea grisi mikononi. Ni mafuta, yanateleza, hayachomi mpira. Nikayatia. Nikatoa upepo, nikakanyaga, breki zikashika barabara. Fundi aliporudi tukaijaribu mpaka Darajani na kurudi, jua kali. Breki safi.

Nikanyamaza.

Jioni tukaipeleka Kizimbani, tukalala huko. Kulipambazuka na kipupwe, upepo wa baridi, umande umetapakaa kwenye bodi. Wachumaji tisa, wengi wao wanawake, wakapanda nyuma na vikapu vyao washushwe mashamba ya chini, upande wa Kidichi. Fundi mwenyewe ndiye dereva.

Akakanyaga pedali kabla ya kuondoka. Ngumu. Akanitikisia kichwa, karidhika. Mnaojua breki mnaelewa: pedali inayozama ndiyo ya kuogopa, ngumu ni habari njema. Akaniambia nikusanye spana, nitapanda safari ya pili. Akawasha, akaenda.

Nikapita jikoni kwa Bi Mize, mama aliyekuwa akiwapikia wachumaji. Nikamkuta kachutama, anageuzageuza chupa kando ya jiko.

"Mafuta ya nywele haya, mwanangu. Yameganda. Kipupwe hiki hayatoki chupani."

Chupa ilikuwa nyeupe tupu.

Wakuu, hakuna mtoto wa Unguja asiyejua kwamba mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi. Nilikua nikitumwa kuyaanika juani. Lakini siku ile ya Ijumaa, nilipoyatia kwenye breki, kichwani mwangu yaliacha kuwa mafuta ya nazi.

Pedali haikuwa ngumu kwa uzima. Ilikuwa ngumu kwa sababu ndani ya mirija mlikuwa na mafuta yaliyoganda.

Nilitoka mbio. Pikapu ilikuwa bado tambarare, inakwenda taratibu, na mbele yake mteremko. Nikapiga kelele, "Breki! Breki!" Injini ile ilikuwa na mngurumo wa kijeshi, nani atasikia? Wanawake wa nyuma waliponiona wakadhani nimeachwa. Wakacheka, wakanipigia makofi nikaze mwendo. Mmoja akanyoosha mkono anivute.

Kisha gari likainamia mteremko, na ule mkono ukaanza kwenda mbali.

Nikasikia gia zinashushwa moja baada ya moja, injini inalia. Mwendo ulipungua kidogo, haukutosha. Mbele palikuwa na kona, na chini ya kona bonde la mawe. Fundi akakata usukani kushoto, akaingia kwenye shamba la mihogo. Likaruka tuta la kwanza, la pili, la tatu, likakwama limelala upande.

Hakufa mtu. Mama mmoja alivunjika mkono. Fundi alipiga kifua kwenye usukani, akawa anapumua kwa taabu.

Bwana wa kamati alifika adhuhuri. Jua limewaka, bati la gari halishikiki. Watu wake wakaliinua, wakalisukuma mpaka barabarani, dereva wake akaliendesha, akakanyaga breki.

Zikashika.

Akarudia mara tatu. Zikashika mara tatu.

"Breki nzima hizi," bwana yule akasema. "Kafanya nani?"

Mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Mie," akasema Fundi Seif.

"Basi umekusudia."

Nilifungua mdomo. Sikutoa neno. Wakampandisha kwenye gari lao, mkono kaushika kifuani, wala hakugeuka.

Alirudi msimu wa karafuu ulipokwisha. Kakonda, na mkono wa kulia haukushika spana sawasawa tena. Nilimwendea nyumbani, nikamweleza yote huku nalia.

"N'lijua," akanambia. "Nilipokuwa nawangoja watu wa kamati nilifungua kikopo cha mafuta ya breki garini. Harufu ya nazi tu."

"Mbona hukusema?"

"Mie walikuwa wanichukue tu. Ningekutaja tungekwenda wawili, ya nini?"

Akaniuliza kama nimekula. Hakulirejea jambo lile mpaka anakufa, nami nilifanya naye kazi miaka mingi baadaye.

Watu wangu wa karibu niliowasimulia hunifariji kwa maneno yake hayo. Mimi hayanifariji. Fundi alisema vile ili nilale usingizi. Siku ile pale barabarani alikuwepo mtu mmoja tu ambaye neno lake lingepokewa, wangesema ni ujinga wa fundi kijana, wakamtukana, wakaondoka. Mtu huyo ni mimi, mjukuu wa mtu wa Bara. Yeye alilijua hilo, na mimi nililijua wakati mdomo uko wazi.

Funzo la ufundi ni rahisi: ukikosea kwenye breki, sema kabla gari halijatoka. Lile jingine sina haja ya kuwaandikia.

Mafundi wa zamani, nyinyi mlitia nini breki zilipokosa mafuta? Na kama kuna aliyewahi kunyamaza mahali alipotakiwa kusema, aandike hapa chini. Nitasoma comments zote, na simcheki mtu.