Nani Anashika Kamba Yako

Shemeji yangu ni mwongo wa kuajiriwa. Wiki moja kila mwaka huvaa shati lililopigwa pasi, hupanda ngazi za kliniki yetu, hukaa kwenye kiti cha mgonjwa na kuwadanganya madaktari kumi na wawili, na mwisho wa wiki hupewa barua ya shukrani yenye mhuri. Siku nyingine zote za mwaka alikuwa mzamiaji wa bandarini. Alisugua matumbo ya meli, alichomelea vyuma chini ya maji, alikata nyavu zilizojisokota kwenye rafadha zinazosukuma meli. Wenzake walimwita Risasi, kwa ajili ya mkanda wa vipande vizito vya madini ya risasi aliojifunga kiunoni ili azame, na jina likamkaa mpaka dada yangu, aliyemzalia watoto watatu, naye akamwita hivyo hivyo.

Mimi ni muuguzi wa kliniki hiyo. Huu ni mwaka wa kumi na tisa napima mikojo, pumzi, presha na masikio ya wazamiaji, na nimejifunza kwamba mzamiaji hamwambii ukweli mtu aliyeshika kalamu. Si kwamba ni watu wabaya. Cheti cha afya kikikosa saini, mtu hashuki majini, na asiposhuka si mzamiaji tena, ni mwanamume aliyekaa nyumbani anakosoa namna vitunguu vinavyokatwa. Kwa hiyo fomu yetu ina maswali arobaini na wao wana hapana arobaini. Naamini hata tukiwauliza kama wana kichwa, watajibu hapana.

Madaktari wanaokuja kwenye kozi yetu si wajinga. Wametoka hospitali kubwa, vitabu wamevisoma, wanataka kujifunza jinsi ya kumpima mzamiaji na kumtilia saini. Ila kila mwaka siku ya kwanza wanafanya kosa lile lile: wanaiamini fomu. Ndiyo maana Daktari Mkuu, mzee mpole asiyeweza kuua hata mbu bila kumuomba radhi, akabuni mchezo. Jumatatu asubuhi anampa Risasi karatasi iliyokunjwa, ndani yake ugonjwa wa kubuni. Kazi ya Risasi ni kuuficha, kazi ya madaktari ni kuufichua. Kwa miaka sita hakuna aliyeufichua, na shemeji yangu alitembea na ushindi huo kifua mbele utadhani ameoa mara ya pili.

Mwaka huu karatasi ilisema pumu. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuwa kwenye karatasi, na mimi nilikuwa nimelihisi.

Kwa miezi kadhaa nilimwona akipanda ngazi zetu ameshika ukuta. Nikienda kwao kumtembelea dada, nilimwona akiinuka kitini kisha akisimama kidogo, anasubiri chumba kitulie. Siku moja nikamuuliza, "Shem, kichwa kinakuzunguka?"

"Umri tu, shem. Mbona magoti yako yanalia na sijakuuliza?"

Nikacheka, nikayaacha. Wiki mbili kabla ya kozi nilimpima masikio kwa ajili ya cheti kipya, akafaulu vizuri kabisa, nikaandika kwa mkono wangu. Faili lake lilikuwa mezani kwa Daktari Mkuu likisubiri saini ya Jumatatu baada ya kozi. Alitaka miezi michache tu zaidi, mpaka binti yake wa mwisho amalize kusomea uzamiaji. Kwa mwaka mzima binti huyo ndiye aliyekuwa mshika kamba wake: baba chini, yeye juu kwenye gati, kamba baina yao. Mvuto mmoja kutoka juu ni swali, uko salama? Mvuto mmoja kutoka chini ni jibu, niko salama. Dada yangu alisema hajawahi kumwona mume wake na furaha ya namna ile tangu harusi, na aliudhika kidogo kwa kulisema. Basi nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nampenda, na muuguzi haruhusiwi kunyamaza kwa sababu hiyo.

Asubuhi ya mchezo darasa lilikuwa na joto, mapazia yamefungwa nusu, chai iko mezani. Wa kwanza kujaribu alikuwa daktari wa upasuaji, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya kutangaza mpira. Alisoma fomu toka juu hadi chini.

"Umewahi kuugua kifua?"

"Hapana, daktari," Risasi akasema, kikohozi kikamponyoka.

"Kikohozi hicho?"

"Vumbi la barabarani. Nyie mnapita na magari, sisi tunapita na miguu."

Darasa likacheka, daktari wa upasuaji akatia alama ya hapana. Wakafuata wengine wanne, wote akawameza. Risasi alikuwa akinikonyeza.

Wa sita alikuwa daktari wa watoto. Mdogo wa umbo, amevaa raba, na kalamu yake ina kichwa cha bata. Nilijisemea, huyu naye anakwenda na maji. Yeye fomu hakuifungua. Alivuta kiti upande wa kushoto wa Risasi akamsalimia kwa sauti ya chini sana. Risasi akageuza shingo yote kumletea sikio la kulia. Daktari akanyanyuka, akahamia kulia, akamsalimia tena kwa sauti ile ile. Safari hii alijibiwa mara moja.

"Naomba usimame, baba. Mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole. Kunja mikono kifuani. Sasa funga macho."

Risasi akasimama kwa madaha, darasa likacheka naye. Akafunga macho. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne. Akainamia kushoto, akarudi, akainama tena, kisha akaidaka meza na kikombe cha chai kikaenda chini. Madaktari wakapiga makofi, wakidhani ni maigizo. Daktari Mkuu hakupiga. Alikuwa anaijua karatasi, nami pia, na kwenye karatasi hapakuwa na kuanguka.

Daktari wa watoto alimsaidia kukaa. Aliokota vipande vya kikombe kwanza, ndipo akauliza.

"Baba, ukiwa chini, nani anashika kamba yako?"

Shemeji yangu alikuwa na jibu la maswali yote arobaini. Hili halikuwamo.

"Binti yangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

"Kizunguzungu hiki kikikushika huko chini, ni yeye atakayekuvuta?"

"Ndiye."

"Anajua kwamba unacho?"

Risasi alinitazama mimi, siyo daktari. Nikaona aibu.

"Hajui," akasema. "Hakuna anayejua. Shemeji yangu yule pale anahisi tu."

Akayatoa yote, mbele ya madaktari kumi na wawili walioacha kucheka. Miezi mitano nyuma alishuka akiwa na mafua, meli ilikuwa inasubiri. Sikio la kushoto lilikataa kufunguka, akabana pua akasukuma pumzi kwa nguvu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka kitu kikaachia ndani na chini kukawa juu. Alikumbatia mnyororo wa nanga mpaka dunia ikarudi mahali pake. Tangu siku hiyo sikio linavuma, na akifunga macho hajui sakafu iko wapi.

"Lakini kipimo cha masikio ulifaulu," nikasema, nikijitetea zaidi kuliko kuuliza.

"Kioo cha kile kibanda cha kupimia kinakuakisi, shem. Kila ukibonyeza kitufe cha mlio, kiwiko chako kinanyanyuka. Mimi sikusikia kitu, nilikuwa nanyoosha mkono kukipigia kura kiwiko."

Miaka kumi na tisa ya kazi, na nimepigwa chenga na kiwiko changu mwenyewe. Jioni ile ile niligeuza kiti, na sasa nabonyeza nikiwa nimewapa mgongo.

Daktari Mkuu akamuuliza yule daktari wa kalamu ya bata amewezaje. Akajibu kwamba kilichoandikwa kwenye karatasi hajakipata, na anaomba msamaha kwa hilo. "Ila wagonjwa wangu wengi bado hawajui kusema. Kwa hiyo namtazama mtoto vizuri, halafu namuuliza aliyembeba." Daktari Mkuu alikunja karatasi ya pumu akaitia mfukoni, na Jumatatu faili la Risasi lilitoka bila saini.

Usidhani alilipokea vizuri. Daktari wa masikio alimthibitishia kwamba majini harudi, naye akakaa nyumbani wiki tatu akipanga upya sufuria za dada yangu kwa ukubwa, kisha kwa umri. Dada alinipigia simu akisema nimtafutie mume wake kazi yoyote, hata ya kulinda kivuli. Binti yake ndiye aliyelia, si kwa sababu baba ameacha, ila kwa sababu alikuwa amekaa pale juu mwezi baada ya mwezi akivuta kamba na kuamini jibu.

Mambo yalinyooka polepole. Kliniki ikampa siku mbili kwa mwezi za kuwafundisha madaktari uongo wote anaoujua: jinsi ya kukariri ubao wa herufi za macho, jinsi ya kukohoa kabla hujaingia mlangoni ili usikohoe ndani. Wanaandika mpaka kalamu zinaisha wino, naye sasa ana miwani ya kuwatazamia. Binti akamaliza mafunzo. Cheti chake cha afya kilikuwa cha kwanza kabisa kutiwa saini na daktari wa watoto, ambaye alimsimamisha ukutani na kumpima kila kitu mara mbili.

Siku ya kwanza binti kushuka kazini, niliomba ruhusa nikaenda gatini pamoja na dada. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua kali, meli ya mizigo imefungwa. Binti alijifunga mkanda wa risasi wa baba yake, ukamlegea, akaukaza tundu mbili. Mshika kamba alikuwa shemeji yangu.

Akazama. Mapovu yakapanda, kamba ikaenda, ikasimama. Risasi akasubiri, kisha akavuta mara moja.

Kamba haikujibu.

"Labda ana kazi mikononi," nikasema.

"Nyamaza, shem."

Dada yangu alishika kiuno cha shati la mumewe kwa nyuma, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya mbele za watu. Jasho likamshuka mwanamume aliyekaa chini ya maji miaka thelathini na moja, na ambaye kwenye vikao vyetu alipenda kusimulia alivyokuwa akiwaacha watu wa juu wasubiri kidogo, maana mtu akiwa kazini hasumbuliwi.

Kisha kamba ikavutwa. Mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayesema basi, nimesikia.

Risasi alitoa pumzi yote aliyokuwa nayo. Hakugeuka kututazama, macho yalikuwa kwenye mapovu.

"Mama yake," akamwambia dada yangu, "hivi ndivyo nilivyokuwa namfanyia mtoto?"

"Ndivyo," dada akasema. "Na kabla yake ulinifanyia mimi, nikiwa nyumbani, bila hata kamba."

Risasi aliikaza kamba viganjani, akasubiri dakika zake zipite, akavuta tena.