Ng'ombe wa Zizini na Ng'ombe wa Mtu

Miaka ile ya tisini, mtu akizidiwa na madeni Mpanda hakwenda kwa wakili. Alikuja kwangu. Nilikuwa na meza moja, viti viwili na mashine ya chapa niliyoinunua baada ya kubishana na muuzaji siku tatu, mpaka akaniongezea na utepe mpya ili niondoke. Nilikaa kwenye baraza la fundi cherehani, hatua sitini na mbili kutoka lango la mahakama. Nilizihesabu kwenda, nikazihesabu kurudi. Kurudi zilikuwa sitini na nne, kwa sababu aliyeshindwa kesi hutembea kwa hatua fupi, nawe huwezi kumwacha nyuma.

Siku hizi vijana waliosomea sheria hunitembelea. Wananiamkia vizuri, wanakunywa chai yangu, kisha wananiuliza niliwateteaje wadaiwa bila kusoma. Ninawaambia sheria ya kufilisika ilikuwepo, tena nzuri, ila ilikaa Mahakama Kuu, na nauli ya kwenda kufilisika ilikuwa kubwa kuliko mali ya kufilisiwa. Watu wetu walimalizana hapa hapa, Mahakama ya Mwanzo, ambako wakili hakuruhusiwa kusimama hata akiwa na suti mbili. Kazi yangu ilikuwa kuandika maombi, kupanga orodha ya mali, na kumwambia mteja afunge mdomo lini.

Wakishamaliza kucheka huwa ninawasimulia habari ya mzee wa Kasekese.

Alikuja asubuhi moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza kunukia upande wa magharibi. Alikuwa Msukuma, mmoja wa waliohama na mifugo kutoka kaskazini, mrefu, amevaa koti zito utadhani Mpanda kuna baridi. Akatoa karatasi mfukoni. Alikopa mbolea, mabati na baiskeli dukani, tumbaku ikamkaukia shambani misimu miwili mfululizo, na mwenye duka akamshinda kesi. Sasa dalali wa mahakama angefika zizini Alhamisi kukamata ng'ombe.

Nikatazama kwanza tarehe na muhuri. Anzeni hapo kila siku. Machozi ya mteja hayana tarehe, hati inayo. Zilibaki siku tatu.

"Mzee wangu, una ng'ombe wangapi?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza rangi ya nguo za ndani za mkewe.

"Ng'ombe wapo," akasema.

"Wapo wangapi?"

"Mwandishi, kwetu ng'ombe hahesabiwi hivyo. Ukimtaja kwa namba unamwitia fisi."

"Dalali atawahesabu."

"Basi fisi ni yeye."

Tulibishana hapo mpaka fundi cherehani akasimamisha mashine ili asikie vizuri. Mwishowe tukapatana: asitaje namba, anitajie rangi. Mweusi mwenye baka usoni, huyo ni wa shemeji. Mwekundu wa pembe moja, wa mjane jirani. Kijivu na ndama wake, wa rafiki aliyebaki Usukumani. Hapo ndipo nilipoelewa. Wafugaji wale walikuwa na desturi ya kuwekeana ng'ombe: huyu anafuga wa yule, anakunywa maziwa na kupata samadi, na mwenye ng'ombe anabaki mwenye ng'ombe. Ugonjwa ukiingia zizi moja, haukumalizi. Akili kubwa, isipokuwa siku dalali anapofika. Dalali haulizi ukoo wa ng'ombe. Anafungua zizi.

Nilipiga kistari kwa kila rangi. Zizini walikuwa ishirini. Kumi na wawili wa watu, wanane wake: maksai wanne wa kulimia, ng'ombe wa maziwa na ndama wake, na mitamba wawili. Nikahesabu vistari mara ya pili, wakawa walewale.

"Deni ni kama ng'ombe sita wakiuzwa mnadani," nikamwambia. "Kwa bei ya dalali watafika kumi. Atamaliza wako, ataingia kwa shemeji."

"Mitamba achukue. Maksai wasiende," akasema. "Mvua hiyo hapo. Maksai wakienda, silimi. Nisipolima, watoto wangu saba watakula nini, karatasi yako?"

Hilo ndilo lililokuwa mezani: maksai wanne, wiki moja kabla ya kulima. Na sheria ilikuwa upande wake. Sheria humwachia mdaiwa nguo zake, sufuria zake, matandiko, na kama ni mkulima, jembe, mbegu na wanyama wa kulimia. Vitu hivyo haviombwi kwa kupiga magoti, vinadaiwa kwa maandishi. Nikaandika. Nikamtuma kwa shemeji na kwa mjane waje wenyewe mahakamani Alhamisi asubuhi, maombi yatakaposikilizwa, na yule wa Usukumani aletewe shahidi, maana anayesema "huyu ni wangu" awe mwenyewe. Mdaiwa akisema "huyu si wangu," hata mama yake atakohoa.

Bei yangu ilikuwa ya kurasa mbili. Akapunguza mpaka moja na nusu. Nikamwachia nusu, nikafinya mistari. Nilijiona mjanja.

Jumatano tukakutana barazani. Safari hii alikuja na mkewe, mama mnene wa maneno machache, khanga mbili, viatu mkononi ili visichakae. Nikasoma orodha kwa sauti kabla ya mzee kutia dole gumba. Nilipofika "na hao wanane ndio ng'ombe wangu wote," yule mama akainua uso.

"Na wale wa Misunkumilo?"

Fundi cherehani akasimamisha mashine tena.

"Wa Misunkumilo wapi?" nikauliza.

"Madume watatu. Wako kwa binamu yake. Au wamekufa, baba?"

Mzee akatazama barabara. "Wale ni mahari ya kijana," akasema. "Wana safari yao."

"Safari hiyo waliianza lini?"

Mama ndiye aliyejibu: "Tangu mwaka jana. Ila juzi amempelekea binamu ujumbe awahamishie Ilembo."

Nikatazama vistari vyangu. Nilihesabu mara mbili, kweli, ila nilihesabu mara mbili nilichoambiwa. Nilimuuliza mtu wa desturi ya kuwekeana ng'ombe ni nani kaweka kwake, nisimuulize na yeye kaweka kwa nani! Vijana wangu, kosa hilo andikeni popote mnapoandika mambo. Ulizeni vilivyomo ndani visivyo vyake, kisha vilivyo vyake visivyomo ndani. Na muulizeni mke. Mke huwa hajui deni, lakini mali anaijua kwa rangi na kwa jina.

"Mzee, mwenye duka ana masikio," nikasema. "Akisimama kesho akataja madume watatu, hakimu hataamini lolote tena, si maksai, si ng'ombe wa mjane. Dalali atafungua zizi, basi."

"Kijana wangu atanisemaje?"

"Atasema anaoa mwakani. Bora mahari ichelewe kuliko njaa iwahi," akasema mkewe, akavaa viatu. "Mwandishi, chapa upya."

Nilichapa upya bure, jambo ambalo fundi cherehani alilisimulia kwa miaka kadhaa kama muujiza.

Kisha nikavuka barabara kwenda kwa mwenye duka. Nilimkuta anapima sukari.

"Tajiri, nakupa ng'ombe watatu usiowajua."

"Nawajua," akasema bila kuinua macho. "Misunkumilo. Nilikuwa nasubiri kesho."

"Basi nakupa usichokijua. Ukimwachia dalali utapata bei ya mchuzi, na nusu yake ni ya dalali. Mzee auze mwenyewe mnadani, wewe ukiwa umesimama pale, pesa zikuangukie mkononi. Zinazobaki alipe baada ya mavuno. Ila mavuno yanataka maksai."

"Na mitamba?"

"Mtamba mmoja."

"Wote wawili."

"Mmoja, na baiskeli unarudishiwa."

"Baiskeli haina breki!"

"Hata ulipomuuzia haikuwa nayo."

Akacheka, akamwaga sukari kidogo kaunta. Tukakubaliana.

Kesho yake dalali aliambiwa asubiri. Mheshimiwa hakimu alikaa na wazee wawili wa baraza, shemeji na mjane wamejipanga nyuma, mmoja anajua pembe, mwingine anajua mkia. Hakimu akamuuliza mzee ana ng'ombe wangapi wake, popote walipo. Nikaona koti lile zito likipanda na kushuka.

"Kumi na mmoja," akasema. Kisha kwa sauti ndogo, "Mungu anisamehe."

Hakimu aliandika makubaliano kama yalivyokuwa, akaongeza kwa mkono wake kwamba maksai wanne na jembe havitaguswa. Madume watatu na mtamba mmoja waliuzwa mnadani, na mwenye duka alisimama pale kama bwana harusi.

Nusu ukurasa niliyomwachia mzee ilinikera, sifichi. Mvua ilipokolea nikaenda Kasekese kuidai. Nilimkuta shambani na wale maksai, tope magotini, mkewe nyuma akidondosha mbegu. Hakuwa na pesa.

"Shika jembe ulime mistari mitatu," akasema, "utajua umepata nini."

Nilishika. Maksai walinivuta walivyotaka wao, mfereji wangu ukaenda kama mtu aliyetoka kilabuni. Mzee alicheka mpaka akavua koti. Nikaomba kurudia ule wa tatu, mkewe akakataa. Alishapita nyuma yangu akidondosha mahindi palepale palipopinda, akifukia kwa unyayo.